Hatua za Mwenyekiti

Kijiji kizima kilimwita Mama Hatua, na jina hilo hakupewa kwa heshima. Mwaka aliogombea uenyekiti, kila aliposimama mbele ya watu alimalizia kwa maneno yale yale: tuchukue hatua. Shule haina vyoo, tuchukue hatua. Mbuzi wa fulani wameingia shamba la fulani, tuchukue hatua. Wenye midomo yao wakawa wanamsubiri njiani na kumuuliza, Mama Hatua, leo umechukua ngapi? Alicheka nao, akashinda kwa kura kumi na moja, na jina likamganda. Baadaye hata mumewe akawa analitumia akitaka chai.

Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na tisa. Kabla ya hapo alikuwa mhudumu wa shule ya kijiji. Alifagia madarasa, akagonga kengele, akachota maji ya walimu. Hayo maji ndiyo yaliyomponza. Kwa miaka kumi na tisa alipanda kilima na ndoo hadi kwenye chemchemi na kushuka nayo kichwani, mara mbili asubuhi na mara moja mchana. Siku moja, amekaa juu ya jiwe anapumua, akajiuliza kwa nini maji yasishuke yenyewe, maana mteremko upo na maji ndiyo yanayojua kuteremka. Mtu akishaanza kujiuliza maswali ya aina hiyo, ujue uenyekiti unamnyemelea.

Mpinzani wake aliyeshindwa kwenye uchaguzi ule alikuwa Karani. Karani alikuwa amestaafu kazi ya ofisini miaka mingi, lakini alivaa shati la mikono mirefu kila siku, kalamu mbili mfukoni, moja ya bluu na moja nyekundu, na hakuna aliyewahi kumwona akijumlisha akakosea. Hakuwa mtu mbaya. Hakumtukana mwenzake hata mara moja. Alisema jambo moja tu kwenye mikutano yote: mambo ya kijiji yanataka miguu, na huyu mama atachoka.

Afadhali angemtukana. Tusi lina jibu lake, na Mama Hatua mdomo alikuwa nao. Lakini "atachoka" haijibiwi kwa mdomo. Jibu lake ni kutochoka, basi akaapa kimoyomoyo kwamba hao watu hawatamwona amechoka hata siku moja.

Hawakumwona, kwa miaka sita. Ofisi ya kijiji ilikuwa chumba kimoja chenye meza iliyotiwa kipande cha tofali chini ya mguu mmoja, kabati lisilofungika na daftari la kaya lililochanika mgongo. Lakini ofisi hiyo ilikuwa ya sura tu. Ofisi yenyewe ilikuwa jikoni kwake, kwa sababu muhuri aliuweka kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo lilikuwa linamfuata alipo. Watu walibisha hodi hajanawa uso. Huyu anataka barua ya kumpeleka mama yake hospitali, yule mtoto anahamia shule nyingine, na mwingine hana shida yoyote ila mkewe amemkasirikia na anataka mwenyekiti akamwambie. Aligonga muhuri kwa mikono yenye povu la vyombo. Mumewe, ambaye ni fundi cherehani na mashine yake iko barazani hapo hapo, alikuwa akiwaambia wateja wake wapishe, wenye shida za serikali wapite.

Kila aliyemletea jambo alimjibu neno moja: nimesikia. Na watu walilichukua neno hilo kama ahadi, maana kweli jambo akishalisikia alikuwa halilazi.

Goti lilianza mwaka wa nne. Wanawake walikuwa wanasomba mawe ya msingi wa nyumba ya mwalimu, naye mbele yao, akateleza na jiwe kichwani. Aliinuka akicheka, akalibeba tena. Usiku wa siku ile goti la kulia lilivimba mpaka likapoteza sura, na tangu hapo halikurudi kuwa goti. Hakumwambia mtu. Mumewe ndiye aliyejua, kwa kuwa yeye ndiye aliyechemsha maji ya chumvi na kumkanda, halafu akamfunga kwa kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye sare za shule. Ndani ya nyumba alichechemea. Akivuka kizingiti aliuma meno, akanyoosha mguu, akatembea wima.

Mumewe alimwambia aache. Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayemwonyesha mteja kwamba nguo imeshabana. Mama Hatua akamjibu kwamba maji yakifika shuleni ataacha, siku hiyo hiyo, atamrudishia kijiji kopo lake na kulala mchana kama watu wengine.

Na maji yalikuwa njiani, angalau kwenye karatasi. Bwana Maji, yaani yule afisa wa ofisi ya maji, alikuja na tepu ndefu ya chuma, akapima kutoka uwanja wa shule hadi kwenye chemchemi, akapata mita elfu moja mia mbili na sitini. Masharti yalikuwa mepesi kuyasema. Kijiji kichimbe mtaro wenye kina cha kiunoni, ofisi italeta mabomba na mafundi. Kaya zilikuwa themanini na nne. Karani alifumba jicho moja kidogo, akasema ni mita kumi na tano kila kaya, haizidi wala haipungui. Bwana Maji akachomeka vigingi viwili uwanjani, umbali wa mita kumi na tano, viwe mfano, akaondoka na tepu yake.

Mwanzoni walijaribu kupima kwa kamba. Kabla hata ya jembe la kwanza kuingia ardhini kukawa na ugomvi. Kamba ikilowa inarefuka, ikikauka inajikunja, na kila mtu alimshuku mwenzake kwamba ameivuta. Walipoigombania hadi ikakatika, wakakaa kikao. Ndipo Kinyozi, mtu wa utani sana, akasema kamba ina ndugu na marafiki, lakini miguu ya mwenyekiti haina. Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Wakamwomba Mama Hatua atembee kati ya vile vigingi viwili vya mfano. Akatembea kama anavyotembea siku zote, akianzia kwenye kigingi cha kwanza, na hatua ya ishirini ikatua kwenye kigingi cha pili bila kukosea hata kidole. Wakamrudisha, akahesabu tena. Ishirini.

Basi ikawa sheria. Karani mwenyewe aliandika kwenye muhtasari kwa kalamu nyekundu: kila kaya itachimba hatua ishirini za mwenyekiti. Tangu siku hiyo ugomvi ukaisha kabisa.

Msomaji anayejua vipimo atauliza: kwani kijiji kizima hakikuwa na kitu kingine cha kupimia? Kilikuwa nacho. Mwalimu alikuwa na rula ya ubaoni, mita moja kamili, imetundikwa msumarini mbele ya darasa. Fundi cherehani alikuwa na tepu shingoni kutwa nzima. Lakini rula ile ilikuwa ya darasani na tepu ile ilikuwa ya viuno vya watu, na haikumjia mtu akilini kwamba zinaweza kupima ardhi. Sisi ndivyo tulivyo.

Kazi ilianzia shuleni ikipanda kilima. Kila Jumamosi asubuhi Mama Hatua alitoka na mzigo wa vigingi na daftari, akahesabu hatua ishirini kuanzia pale kaya iliyopita ilipoishia, akachomeka kigingi, akaandika jina. Kaya yake ndiyo iliyochimba ya kwanza. Mumewe, mwenye mikono ya sindano, alitoka malengelenge mpaka akashindwa kukanyaga mashine siku tatu kwa sababu mgongo nao ulikataa. Mvua zikaja, wakasimama. Mavuno yakaja, wakasimama. Wakaingia mwaka wa pili. Mtaro ukaacha nyumba, ukapita mashamba, ukaanza kupanda kwenyewe, kwenye mawe, na mwenyekiti akapanda nao akiwa ameuma meno.

Alipenda kazi ile kuliko zote alizowahi kufanya. Barua zake watu waliziamini kwa sababu ya muhuri, lakini huku walimwamini yeye, mguu wake huu na mguu wake ule. Alikuwa akihesabu kwa sauti ili wasikie. Alizihesabu kwa uangalifu mkubwa, na katika miaka miwili hakukosea hesabu hata mara moja.

Jumatatu moja asubuhi alipanda peke yake kukagua vipande sita vya mwisho, ambavyo wenyewe walikuwa wamemaliza kuchimba wikiendi. Cha mwisho kabisa, cha themanini na nne, kilikuwa cha Kinyozi. Kiliishia kwenye matete marefu, na wote waliamini kwamba chemchemi iko nyuma ya matete hayo. Mkononi alikuwa na barua ya Bwana Maji. Angekuja Alhamisi. Mtaro ukiwa umefika kwenye chemchemi, mabomba yangeshushwa wiki ile ile. Usipofika, lori lingeenda kwenye kijiji kinachofuata kwenye orodha, na muda hauongezwi. Alikuwa ameisoma mara nyingi bila wasiwasi, na hata wimbo alikuwa nao mdomoni.

Akapenya matete. Nyuma ya matete kulikuwa na mteremko wa nyasi, mtupu, na chemchemi ikimetameta kule mbali.

Alitembea mpaka kwenye maji akihesabu, kwa mazoea tu. Hatua mia moja sitini na nane. Akakaa juu ya jiwe lake la zamani. Kwanza alimlaumu Bwana Maji na tepu yake. Kisha akailaumu kamba, ingawa kamba haikuwahi kupima chochote. Kisha akaliangalia goti lake, akaacha kulaumu, akashuka nyumbani.

Mumewe alikuwa anapiga pasi suruali ya mtu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka pasi kando, akamwambia atembee uani kama anavyotembea siku zote. Akatembea. Fundi akapiga magoti nyuma yake, akavua tepu shingoni, akapima kutoka kisigino hadi kisigino, mara tatu, kama anavyompimia mtu anayetaka suruali ya harusi.

"Hamsini na tano," alisema. "Ilikuwa sabini na tano. Umepungua, mke wangu."

Mama Hatua akamwomba asimwambie mtu. Mumewe akamjibu kwamba yeye atanyamaza, lakini mtaro hautanyamaza.

Haukunyamaza. Jumanne saa tatu asubuhi habari ilikuwa imefika kila nyumba, na Karani alikuwa ameshapanda kilima na rula ya ubaoni, ambayo hatimaye mtu alikuwa ameikumbuka. Alipima kuanzia juu. Kipande cha Kinyozi kilikuwa mita kumi na moja. Kilichokifuata, kumi na moja na robo. Kingine, kumi na moja na nusu. Aliandika yote. Na kijiji, ambacho kilikuwa kimeamini miguu ya mwenyekiti miaka miwili, hakikufikiria miguu. Kilifikiria wizi. Watu wa juu wameng'oa vigingi na kuvisogeza, ndivyo ilivyosemwa, na aliyewafundisha ni Kinyozi, maana ndiye mwenye maneno mengi na ndiye wa mwisho.

Kufikia mchana kibanda cha Kinyozi kilikuwa kitupu. Mteja mmoja alisikia habari akiwa kitini, akainuka na shuka shingoni, akaenda zake na upande mmoja wa kichwa haujanyolewa. Alitembea kijijini hivyo hivyo siku mbili kwa ubishi.

Kinyozi alimfuata Mama Hatua ofisini. Hakuleta utani. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mwenyekiti, ulihesabu mwenyewe nikiwa nimesimama pale. Mimi kigingi sikukigusa. Waambie tu."

"Nimesikia," alisema Mama Hatua.

Kinyozi akashukuru, akaondoka mwepesi, kwa sababu alijua maana ya neno hilo. Na Mama Hatua akabaki mezani ameshika kopo la muhuri, akiona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani. Kwa maana kuna jambo alilijua nafsini mwake na sitamfichia: waliposema vigingi vimeng'olewa, alipata nafuu. Kwa nusu siku nzima aliwaacha waseme. Ilikuwa rahisi sana. Ilitosha anyamaze, Kinyozi achimbe na wenzake wa juu, na kusiwe na mtu wa kusema, si tulisema atachoka.

Alikuwa amechoka. Hilo ndilo lililokuwa chini ya yote. Alikuwa amechoka na mguu, amechoka na kuuma meno, amechoka na hodi za alfajiri, na zaidi ya yote amechoka kuficha uchovu, maana kazi hiyo haina Jumapili. Alikuwa akitembea amejibana kiasi kwamba jioni taya zilimuuma kuliko goti. Angeweza kulala juu ya meza ile ile hapo hapo. Badala yake aliandika tangazo la mkutano, Jumatano saa mbili asubuhi, uwanja wa shule, akaligonga muhuri na kwenda kulibandika mwenyewe.

Jumatano walikuja wote, na majembe yao, maana hakuna aliyejua siku itaishaje. Karani alisimama akasoma vipimo vyake polepole. Zimebaki mita tisini na mbili, alisema, na kesho mgeni anakuja. Watu wakadakia kwamba waliopunja ndio wachimbe peke yao, leo, na baada ya hapo washtakiwe. Wifi yake Mama Hatua, dada wa mumewe, naye alikuwa mmoja wa waliopaza sauti, na alikuwa na haki, kwani kipande chake kilikuwa mita kumi na tano za mawe matupu na alikichimba akiwa mjamzito. Kinyozi hakujitetea. Alikuwa anamtazama mwenyekiti tu.

Mama Hatua alikuwa amepanga maneno tangu jana. Aliposimama aliyaacha yote. Aliomba wamfuate hatua chache, mpaka pale mtaro unapoanza, kwenye kipande cha kaya yake mwenyewe. Kigingi cha mwanzo kilikuwepo na kigingi cha mwisho kilikuwepo, vimekauka. Akamwambia Karani ashike rula. Akainua gauni kidogo, akafungua kile kitambaa cha sare za shule gotini, akakikunja, akampa mumewe. Goti lilikuwa kubwa kama boga dogo, na wanawake waliokuwa mbele waliguna.

Kisha akatembea kandokando ya mtaro, akihesabu kwa sauti. Kwa mara ya kwanza mbele ya watu hakuuma meno. Aliuacha mguu uende unavyotaka, na mguu ukaenda kwa kuchechemea, ukijiburuta kidogo. Saba. Nane. Watoto wa shule walikuwa madirishani na hakuna aliyecheka. Kumi na tisa. Ishirini. Akasimama. Kigingi kilikuwa bado mbele yake, mbali ya kutosha mbuzi watatu kulala.

Karani akapima. Alipima mara mbili, kwa sababu ndivyo alivyo.

"Kumi na moja," alisema.

"Hakuna aliyeng'oa kigingi," alisema Mama Hatua. "Ni mimi. Goti limeharibika tangu mwaka juzi. Nimechoka, na nimewaficha." Akamgeukia Karani. "Ulisema mapema. Haya."

Akatoa lile kopo kwenye mfuko wa gauni, akaliweka kwenye ukingo wa mtaro, kwenye udongo uliorundikwa. Ndani yake ulikuwa muhuri na wino wake, miaka sita. Alitarajia maneno na alikuwa tayari kwa maneno. Wifi yake alikuwa ameinamisha kichwa. Kinyozi alijifuta uso kwa kofia, akajifuta tena.

Watu walimtazama Karani, kwa sababu zamu ilikuwa yake. Karani alikuwa ameegemeza rula begani, daftari gotini, anaandika. Aliandika muda mrefu. Alipoinua kichwa hakuwa na sura ya mshindi wala ya mtu wa huruma, alikuwa na sura ya mtu aliyepata jibu linalogawanyika bila baki.

"Kwa hatua za mwenyekiti za leo," alisema, "zimebaki mia moja sitini na nane. Kaya themanini na nne. Ni hatua mbili kila kaya." Kisha akaongeza, akionyesha kwa kalamu, "Na hilo kopo liondoe hapo, litaangukia mtaroni."

Kukawa na minong'ono upande wa watu wa chini, kwamba wao walishachimba kamili. Wifi ndiye aliyeizima. Alitupa jembe begani, akauliza hatua mbili ndiyo nini, hiyo si kazi, ni shimo la kupandia mgomba, na kama kuna mwanamume anaogopa shimo la mgomba amwachie yeye, ana mtoto mgongoni na bado atachimba la kwake na la huyo bwana. Hakuna bwana aliyejitokeza. Yule mteja wa Kinyozi mwenye nusu kichwa kisichonyolewa alikuwa wa kwanza kuanza kupanda kilima.

Mama Hatua akadhani yake yameisha. Akakaa kwenye ngazi ya darasa, akanyoosha mguu, akamwambia Karani apande nao apime kwa rula, mita moja na kidogo kila kaya, kazi ndogo.

Kinyozi alikuwa ameshabeba vigingi. Akarudi hatua mbili tatu, akasimama mbele yake, na utani wake wote ukawa umerudi, ingawa macho yalikuwa mekundu.

"Rula hatujaipitisha kwenye kikao, mwenyekiti. Muhtasari unasema miguu yako. Inuka utupimie."

Mama Hatua akamwangalia kuona kama anamdhihaki. Hakuwa anamdhihaki. Akamtazama Karani, mtu wa taratibu, ili amwokoe. Karani akafungua muhtasari wa zamani, akausoma, akasema ni kweli, ndivyo ulivyoandikwa.

Siwezi kusema alifurahi. Alitaka kulia kwa uchovu, na alilia kidogo, akasingizia vumbi, na mumewe akamfunga goti pale pale mbele za watu, taratibu, kama anavyopiga pindo. Akainuka. Kutoka shuleni hadi kwenye matete ni mwendo wa nusu saa. Siku ile ilikuwa saa moja na ushee, maana mwenyekiti alitangulia akichechemea, akasimama kila alipotaka kusimama, na kijiji kizima kilikuja nyuma yake na majembe bila mtu hata mmoja kumpita. Wenye haraka zao waliketi aliposimama. Juu kule akahesabu. Moja, mbili, kigingi. Moja, mbili, kigingi. Kinyozi akichomeka, Karani akiandika majina, na hatua ya mia moja sitini na nane ikaingia kwenye maji, kiatu na soksi.

Walichimba bega kwa bega, wamebanana hata majembe yakagongana. Jua lilipoanza kushuka maji ya chemchemi yalikuwa yanachungulia kwenye mtaro, yamezuiwa na bonge la udongo tu.

Alhamisi Bwana Maji alikuja na tepu yake ya chuma. Alitembea mtaro wote, akiingiza fimbo hapa na pale kupima kina, na huko juu alishangaa kidogo kuona vigingi vimepandwa karibu karibu kama mboga. Hakuuliza. Alikuwa na vijiji vingine viwili vya kukagua siku hiyo. Aliporudi uwanjani akaweka karatasi juu ya boneti la gari, akaandika, na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu akawasomea alichoandika, kwamba mabomba yatafika Jumamosi, na kwamba chini ya uongozi wa mwenyekiti wao kijiji hiki kimepiga hatua kubwa.

Kicheko kikaanza nyuma, kikaja mbele, mpaka Karani naye akaondoa miwani na kuipangusa. Bwana Maji aliangalia karatasi yake, akaangalia zipu yake, hakuona kosa.

"Kubwa zilikuwa za mwanzo, bwana," Kinyozi akamwambia. "Andika ndogo. Ndogo ndizo zilizofika."

Mama Hatua alikuwa amekaa kwenye kiti alicholetewa na mumewe, katikati ya uwanja, mguu umenyooshwa mbele na kitambaa cha sare kinaonekana. Alicheka mpaka akaumwa mbavu. Alikuwa amechoka, na sasa watu walijua, wala hakuna aliyeonekana kushtuka. Kopo lilikuwa mapajani mwake. Mama mmoja alikuwa ameshasimama pembeni na barua, akingoja wengine wamalize kucheka, na Mama Hatua akamnyooshea mkono bila kuinuka.